Isenda na Kunguru wa Lango la Perth

Isenda aliolewa mjini Perth akitokea bondeni, kijiji cha kando ya mto, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Alichokuja nacho kwa mumewe ni pipa la mwaloni na ufundi aliorithi kwa mama yake wa kupika pombe ya shayiri. Mumewe, Gilbert, alikuwa mtengeneza ngozi, mikono yake imekolea rangi ya magome ya miti, na mzaha haukumkauka mdomoni. Kule bondeni Isenda alibakiwa na kaka mmoja tu, Malise, mkulima mkimya aliyewapenda ng'ombe wake kuliko mkusanyiko wowote wa watu.

Gilbert na Malise walipendana kishemeji, yaani kwa kutukanana.

"Shemeji, unanuka kuliko zizi langu," Malise alisema kila alipokuja mjini sokoni.

"Na zizi lako lina akili kuliko mwenyewe," Gilbert alijibu, kisha wakakaa kunywa mpaka Isenda awafukuze wote wawili.

Siku zile mfalme wa Uingereza alikuwa amemvua mfalme wetu wa Uskoti taji kama mtu anavyomvua mtoto kofia, na askari wake walikuwa wanalala katika miji yetu. Watu waliinamisha vichwa, wakalipa walichodaiwa, wakangoja. Halafu likaja jina la William Wallace.

Jina lilifika Perth kabla ya mwenyewe. Mara ya kwanza lilikuwa jina la jambazi wa msituni. Baadaye kidogo likawa la mtu aliyemuua liwali wa Kiingereza huko Lanark. Mchuuzi mmoja wa samaki aliapa kwamba Wallace ni mrefu kama mlango wa kanisa. Mwingine akasema ni mtu wa kawaida, ila ana macho ambayo ukiyatazama unasahau ulichotaka kusema. Wengine walidai ni mtoto wa mheshimiwa, wengine wakashikilia kwamba hana hata shamba la kuzikia mbwa. Kila mnywaji aliyeingia nyumbani kwa Isenda alikuja na Wallace wake. Isenda aliwamiminia wote, akabaki hajui kama ni mtu mmoja au ni ukoo mzima.

Gilbert hakuwa na shaka. Kiangazi kile alichukua mkuki wa marehemu baba yake, akaunoa, akaenda bondeni kumchukua shemejiye. Isenda alimfuata, kwa sababu aliwajua wote wawili.

Malise alikuwa kondeni. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Shayiri haijikati yenyewe."

"Shayiri ya nani, bwana? Waingereza wakija wataila wao."

"Na mkija nyinyi mtaila nyinyi. Mimi sioni tofauti ya matumbo."

"Malise! Nchi inakwenda."

"Inakwenda wapi? Mbona mimi nimeisimamia hapa?" Malise alikanyaga udongo kwa kisigino. Bethoc, mkewe, aliyekuwa amembeba mtoto wao Duncan kiunoni, akacheka. Gilbert naye akacheka, lakini kicheko chake kiliisha mapema. Aliondoka peke yake, na Isenda akarudi mjini bila kujua yupi kati ya wale wawili ana akili. Alipomsikiliza mumewe alikubaliana naye. Alipomsikiliza kaka yake alikubaliana naye pia.

Wiki chache baadaye wakaja watu wa kuandikisha jeshi. Walipita kijiji kwa kijiji kwa jina la Wallace, na kila kijiji walisimamisha mti wa kunyongea, ili kila mwanamume mwenye nguvu auone kabla hajajibu. Wengi walijibu haraka. Malise walimkuta na mundu mkononi. Aliwaambia, "Ngojeni nimalize kipande hiki." Bethoc alikuwepo, naye ndiye aliyeyasimulia maneno hayo baadaye, na hata yeye hakujua kama mumewe alikuwa anakataa au kweli alikuwa anaomba amalize kipande kile. Waliomba jibu mara ya pili. Akainama, akaendelea kukata.

Walimnyonga. Kisha wakakataza asishushwe, liwe funzo kwa wengine.

Bethoc alikuja Perth kwa miguu, mtoto mgongoni ndani ya shali, akaingia kwa wifi yake bila kubisha hodi. Hakulia. Alisema, "Wifi, kunguru wanamla Malise na mimi nimekatazwa kuwafukuza."

Isenda alishika ukingo wa pipa. Alisikia maneno, akaelewa kila neno peke yake, lakini hayakuungana. Aliuliza, "Waingereza?"

"Wetu," alisema Bethoc.

Siku zile zile ndipo Waskoti waliposhinda kwenye daraja la Stirling. Gilbert akarudi. Alirudi akiimba, amevaa mkanda wa askari aliyemuua, amekonda, uso wote meno. Aliona wanawake wawili wamekaa kando ya moto, mtoto amelala katikati yao, na wimbo ukamfia kooni.

Walipomweleza, alikaa chini sakafuni.

"Si yeye," alisema. "Hao ni watu waliojibandika jina lake tu. Yeye hajui."

"Kama hajui, nani anajua?" Isenda aliuliza.

"Jeshi ni kubwa, Isenda. Mtu mmoja hawezi kujua kila kamba."

"Ulimwona? Ulizungumza naye?"

"Nilimwona kwa mbali. Juu ya kilima."

"Ni mrefu?"

Gilbert alifikiri. "Alikuwa mbali," akasema.

Bethoc aliinuka, akamfunga mtoto wake, akaenda zake. Mlangoni alimpita Gilbert bila salamu, na kwa miaka mingi hakutia tena mguu katika nyumba ile.

Kipupwe kizima Gilbert hakutania mtu. Lakini kiangazi kilichofuata, mfalme wa Uingereza alipokuja mwenyewe na jeshi lake, alichukua tena mkuki. Isenda alisimama mlangoni akamzuia kwa mwili wake.

"Unakwenda tena kwao? Baada ya kaka yangu?"

"Nisipokwenda," alisema Gilbert, "shemeji atakuwa amekufa bure kabisa."

Alimbusu kichwani, akamsogeza taratibu kama anavyosogezwa ng'ombe, akatoka. Isenda aliyageuza maneno yale akilini kwa miaka. Kuna siku aliyaona ni maneno makubwa ya mtu aliyempenda shemejiye. Kuna siku aliyaona ni upuuzi mtupu, kwamba mauti hayalipwi kwa mauti mengine. Hakuwahi kupata siku moja ambayo yote mawili yalinyamaza.

Huko Falkirk, walisimulia waliorudi, watu wetu walipangwa duara duara, mikuki imetazama nje kama miiba ya nungunungu. Farasi hawakuweza kuingia. Ndipo mishale ikaja, na mtu aliyesimama kwenye duara hana pa kukimbilia. Gilbert hakurudi. Hakuna aliyemwona akianguka, wala aliyemzika. Wallace alitoka hai, akaacha uongozi wa nchi, akapotelea alikopotelea. Wengine walisema yuko Ufaransa, wengine kwa Papa, wengine mapangoni.

Isenda akawa mjane. Akaendelea kupika. Waingereza walirudi Perth na kiu yao, na pombe haichagui koo. Miongoni mwao alikuwemo askari wa makamo aliyeitwa Hobb, mzito wa miguu, aliyekuwa akimaliza kikombe na kukirudisha mwenyewe karibu na pipa ili kumpunguzia mama mwenye nyumba kuinama. Isenda alijaribu kumchukia. Alifaulu siku nyingine, siku nyingine akasahau.

Hivyo miaka ikapita, mpaka siku habari iliposhuka mjini kwamba Wallace amekamatwa. Amepelekwa London, amehukumiwa kama msaliti, amenyongwa, amekatwa vipande. Kila kipande kinapelekwa mji mmoja. Perth imepata mguu.

Watu walijaa langoni asubuhi ulipotundikwa. Isenda alifunga nyumba, akaenda. Njiani alikuwa amekwisha amua: atatema mate, kwa ajili ya Malise. Alipofika akamwona jirani yake mwuza nyuzi amepiga magoti kwenye matope, midomo inacheza kimyakimya, akafikiri labda naye apige magoti, kwa ajili ya Gilbert. Alisimama pale, mate yamekauka mdomoni na magoti yamekaza, akatazama juu.

Ulikuwa mguu. Umepakwa lami, mweusi, umekunjika kidogo gotini. Haukuwa mrefu kama mlango wa kanisa. Ungeweza kuwa wa mtu yeyote. Miaka yote ile alikuwa amejiandaa kukutana na yule mtu, amchukie au amsamehe, amwulize kama alijua. Sasa amekuja, na hana hata sikio la kuulizwa.

Kunguru wa kwanza akatua ukutani. Akasogea pembeni, akainamisha kichwa, akadonoa.

Isenda hakuwa na habari kwamba ameokota ufito mpaka aliposikia sauti yake mwenyewe. "Toka! Toka hapo, mwizi we!"

Watu waligeuka. Kunguru aliruka. Akarudi, Isenda akampigia kelele tena. Askari wawili walicheka. Hobb, aliyekuwa zamu langoni, alimsogelea.

"Mama, ulimfahamu huyu?"

"Sikumfahamu."

"Ndugu yako?"

"Hapana."

"Basi kunguru wanakuhusu nini?"

"Sijui."

Hobb alimtazama, akatazama mguu, akakuna shingo. "Na mimi sijui nafanya nini Perth," akasema, akamgeuzia mgongo, akaanza kuchunguza mto kama mtu aliyepangiwa zamu ya maji.

Kesho yake Isenda alirudi, na keshokutwa. Alikuja pombe ikiwa inapoa, akasimama na ufito wake, akaondoka akikumbuka moto. Mji haukukawia kumpa sababu ambayo yeye mwenyewe hakuwa nayo. Walisema ni mfuasi wa Wallace. Walisema Gilbert alikuwa mlinzi wake wa karibu. Kisha wakasema Wallace aliwahi kulala kwa Isenda, akafichwa kwenye pipa askari wakipita.

"Sikuwahi kumwona," Isenda alimwambia mwuza nyuzi.

"Sawa, dada, sawa." Mwuza nyuzi akamkonyeza. "Siku hizi kuta zina masikio."

"Pipa lenyewe mtoto haingii!"

"Hivyo hivyo ndivyo unavyotakiwa kujibu."

Lisemwalo lipo, kama halipo laja, na kwa Isenda lilikuja mpaka ndani ya kichwa chake. Alianza kumkumbuka mtu mmoja mrefu aliyeingia siku ya mvua, akanywa kimya, akamshukuru. Alikuwepo kweli? Au ni wao waliomwingiza? Alilala na swali hilo, akaamka nalo.

Siku ya soko Bethoc akatokea langoni. Alikuwa amesikia. Alikuja moja kwa moja, kapu la mayai mkononi, uso umemwiva.

"Wifi! Ni kweli? Wewe, dada yake Malise, unamfukuzia kunguru muuaji wa mume wangu?"

"Bethoc..."

"Usinibethoke mimi! Walimwacha Malise mpaka akawa hajulikani. Nilikaa mlangoni nikiwasikia wakigombaniana. Ukaja? Ukawafukuza?"

"Ningekuja wangetunyonga wote."

"Najua! Najua wangetunyonga!" Bethoc alipiga kelele, kama vile kujua ndiko kulikokuwa kunamuuma. "Sasa huyu ana nini? Huyu ana nini ambacho Malise hakuwa nacho?"

Isenda alifungua mdomo. Aliona lazima aseme jambo la maana, jambo litakalowatosha wote wawili, na hakulipata.

"Hana kitu," alisema. "Ni mguu, wifi. Nilikuja kuutemea mate. Halafu yule ndege akatua, nikamwona Malise. Halafu nikamwona Gilbert kule Falkirk, maana naye nani alimfukuzia? Vita vya panzi furaha ya kunguru, ndivyo wanavyosema. Basi angalau kunguru mmoja afe njaa. Sijui. Ukiniuliza kama nampenda mtu huyu, sijui. Ukiniuliza kama namchukia, sijui. Mkono unajiinukia wenyewe."

Bethoc alibaki amesimama. Watu walipita na kondoo wao. Alitazama juu, kwa mara ya kwanza, akautazama ule mguu muda mrefu, na uso wake haukusema lolote ambalo mtu angeweza kulisoma.

"Yule pale," alisema mwishowe, kwa hasira. "Upande wa kushoto. Umemwacha."

Isenda akainua ufito.

Bethoc hakungoja. Alikwenda kuuza mayai yake, akarudi kijijini bila kuaga. Lakini siku ya soko iliyofuata alipita tena langoni, akaacha mkate wa oti juu ya jiwe, akaendelea na safari yake bila kugeuka. Ikawa hivyo mpaka baridi ikaingia, mpaka hapakuwa na kitu tena cha kufukuzia ndege, na Isenda akarudi kwenye mapipa yake.

Miaka ilikwenda. Mfalme mpya aliinuka, mara anashindwa, mara anashinda, na usiku mmoja wa baridi watu wake wakaingia Perth kwa kuvuka handaki la maji na ngazi za kamba, mji ukarudi mikononi mwetu. Hobb alikuwa amekwisha fariki kwa homa, amezikwa nje ya ukuta. Isenda ndiye aliyelipia maombi yake, na mji ukaona ajabu: mwanamke wa Wallace anamwombea Mwingereza!

Vijana wa wakati ule walilitamka jina la Wallace kama watu wanaotamka jina la mtakatifu. Hawakuijua ile miti ya kunyongea. Waliozeeka walikuwa wameamua kuisahau, au walimweleza mtu aliyeuliza kwamba ilisimamishwa na maadui.

Siku moja ya kiangazi Bethoc akaingia kwa Isenda. Akaingia ndani kabisa, akakaa pale pale alipokaa mwaka ule aliouawa Malise, mikono mapajani.

"Duncan amekwenda," alisema.

"Amekwenda wapi?"

"Kwa mfalme. Vitani, Stirling. Wifi, hakuna aliyemlazimisha. Hakuna mti uliosimamishwa. Amechukua mkuki mwenyewe." Sauti yake ikawa ndogo. "Na unajua amepiga kelele gani akitoka kijijini? Yeye na wenzake? Wallace."

Isenda alikaa chini taratibu.

"Hukumwambia babake alikufaje?"

"Nilimwambia akiwa na akili zake timamu. Nilimwonyesha mahali. Akanijibu, mama, si yeye, hao walijibandika jina lake tu." Bethoc aliinua uso. "Gilbert hakuwahi kuzungumza na mtoto yule. Ameyatoa wapi maneno ya Gilbert?"

Isenda hakujua. Aliongeza kwenye moto bonge la udongo mkavu wa kinamasi, ule unaowaka kama kuni, akammiminia wifi yake kikombe, akajimiminia na chake. Walikaa mpaka jua likainama, mara wakisema Duncan ni mpumbavu, mara wakisema ni shujaa, na kila mmoja alipobadili upande, mwenziwe naye akahamia ule mwingine.

Duncan alirudi. Watu wetu walishinda kule kwenye kijito cha Bannock, na yeye akarudi na goti lililopondwa na farasi, akawa anachechemea maisha yake yote. Alioa msichana wa kijiji cha jirani. Mtoto wao wa kwanza alipozaliwa, wa kiume, mama yake bado kitandani kama ilivyo desturi, ni Bethoc aliyembeba kumpeleka kanisani, na Isenda, shangazi wa ukoo, akafuatana naye ameshika mshumaa. Mlangoni mwa kanisa Duncan akamnong'oneza mama yake jina alilochagua.

Bethoc alisimama.

"Hapana," alisema.

"Mama, nusu ya watoto wa mwaka huu wanaitwa hivyo."

"Basi wanatosha."

"Mama." Duncan hakuwa na ukali. Goti lilikuwa linamuuma, alikuwa ameegemea ukuta. "Shayiri ya baba naikata mimi mwenyewe, kila mwaka. Kipande kile naanza nacho. Sijamsahau. Lakini nataka mtoto awe na jina la mtu ambaye hawakuweza kummaliza."

"Walimmaliza," alisema Isenda. "Niliuona mguu."

"Shangazi," Duncan akamjibu kwa upole, "wewe ndiye uliyemlinda. Kila mtu anajua."

Isenda alimtazama mtoto wa kaka yake. Alitaka kumwambia yote, kuanzia mundu mpaka ufito, na akajua kwamba hata akiyasema yote, yatatoka yakiwa hadithi ile ile anayoijua kila mtu. Ndani padri alikwisha anza kukohoa.

Wakaingia. Maji yalikuwa ya baridi, mtoto akalia kwa nguvu. Padri akamgeukia aliyembeba, akauliza, "Jina?"

Bethoc alimtazama wifi yake. Isenda alitikisa kichwa, na hata yeye hakujua kama alimaanisha usiseme au sema tu. Nta ya mshumaa ilimtiririkia vidoleni.

"Jina, mama," padri akarudia.

"William," alisema Bethoc.

Walipokuwa wanarudi bondeni, Duncan ametangulia anachechemea kwa haraka ya furaha, Isenda alimsogelea. "Umewezaje?"

"Sijui. Lilinikaa mdomoni zito, nikalitoa." Bethoc alimfunika mtoto vizuri, upepo wa mtoni ulikuwa mkali. Baada ya hatua kadhaa akauliza, "Kweli hukuwahi kumwona, wifi? Hata mara moja?"

Isenda alifikiri juu ya yule mtu mrefu wa siku ya mvua.

"Nishike mkono hapa," alisema. "Pana utelezi."